Mvinyo Ukoje, Mgeni Yukoje: Mhadhara Kuhusu Kuonja na Kupendekeza Mvinyo Mwekundu



Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuonja mvinyo mwekundu wa nchi mbalimbali na jinsi ya kumpendekezea mgeni chupa itakayomfaa. Kazi hizi mbili hufundishwa kama kazi moja, na hapo ndipo tunapoanza kukosea. Anayeonja hujiuliza: mvinyo huu ukoje? Anayependekeza hujiuliza: mgeni huyu anapenda nini, ameagiza chakula gani, na mfuko wake unaruhusu kiasi gani? Mtu anaweza kuwa mwonjaji hodari lakini akawa mpendekezaji mbovu, kwa sababu kila mgeni anampa kile anachokipenda yeye.

Hoja yangu ni hii. Anayependekeza aseme kwanza yale ambayo mgeni ataweza kuyahakiki mwenyewe mdomoni, bila kuhitaji shahada wala lebo. Sifa za shamba, medali, bei na mashairi kuhusu harufu vije baadaye, na visipokuja kabisa hakuna atakayedhurika.

Najua humu ukumbini wapo wasiokunywa, ama kwa imani yao ama kwa hiari. Nanyi mhadhara huu unawahusu, na nitawafikia.

Mashahidi wasioaminika

Tuanze na macho. Mwaka 2001 watafiti Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Bordeaux, Ufaransa, kwa wanafunzi 54 wanaosomea mvinyo. Walichukua mvinyo mweupe, wakautia rangi nyekundu isiyo na harufu, kisha wakawataka wanafunzi waeleze wananusa nini. Wanafunzi wakataja harufu zinazotajwa kwa mvinyo mwekundu. Hawakuwa wajinga, walikuwa wanasomea kazi hiyohiyo. Jicho lilitangulia, pua ikalifuata.

Tuje kwenye bei. Mwaka 2008 watafiti wa California walieleza jinsi walivyowanywesha watu mvinyo mmoja mara mbili, mara moja ukitajwa kuwa wa dola 10 na mara nyingine wa dola 90. Wanywaji waliusifu zaidi ulipotajwa kuwa ghali, na vipimo vya ubongo vilionyesha kwamba hawakuwa wakijifanya, raha waliyoipata ilikuwa kubwa zaidi kwelikweli. Maana yake ni kwamba mhudumu anayetaja bei kabla ya ladha amekwisha kuuvuruga ulimi wa mgeni.

Na medali je? Robert Hodgson, mtaalamu wa mambo ya bahari aliyemiliki kiwanda kidogo cha mvinyo, aliwapima waamuzi wa mashindano ya jimbo la California kwa kuwaletea mvinyo wa chupa ileile mara tatu bila wao kujua. Ni takriban mwamuzi mmoja kati ya kumi aliyeupa alama zinazokaribiana mara zote tatu. Waliobaki waliutofautisha na nafsi yake, wengine kwa pengo kubwa.

Kisa mashuhuri kuliko vyote ni cha Paris, tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza Steven Spurrier, mfanyabiashara wa mvinyo katika jiji hilo, aliwakusanya waamuzi tisa Wafaransa, akawapa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha lebo. Kwa upande wa mvinyo mwekundu, Stag's Leap Wine Cellars wa mwaka 1973, kutoka Napa, uliupita Château Mouton-Rothschild wa mwaka 1970. Wamarekani walishangilia, na Wafaransa walikasirika. Kwetu sisi tunaofanya kazi mezani, funzo halihusu ushindi wa nchi. Waamuzi waliokuwa wakiyajua mashamba hayo maisha yao yote walipofichiwa majina, walisema jambo ambalo wasingelisema majina yangekuwa wazi.

Sisemi kwamba kuonja ni ulaghai. Nasema tuwatenge mashahidi. Rangi, bei na medali hubadilika kufuatana na nani anatazama. Yapo mambo manne ambayo watu wengi hukubaliana wakionja, hata kama mmoja ni bingwa na mwingine ameanza leo.

Mambo manne ya mdomoni

La kwanza ni ukakasi. Aliyewahi kutafuna bibo la mkorosho anaujua: ulimi unakauka, fizi zinakaza, mate yanapotea. Katika mvinyo hali hiyo huletwa na tanini, ambazo zimo katika ganda na mbegu za zabibu, na pia katika mbao za pipa. Maji ya zabibu nyingi nyekundu ni meupe, na wekundu hutoka kwenye maganda yanayolowekwa humo wakati wa kuchachuka. Tanini hutoka pamoja nao, na zikifika mdomoni hunasa protini za mate, ndiyo maana ulimi unakosa utelezi.

La pili ni uchachu. Huu humtoa mtu mate, hasa pembeni mwa ulimi. Zabibu zinazoivia mahali pa baridi hutunza asidi yake, zinazoivia kwenye joto kali huipoteza.

La tatu ni uzito. Jua likiwa kali, zabibu hukusanya sukari nyingi, na sukari hiyo hugeuzwa kilevi na chachu. Mvinyo wenye asilimia 14 au 15 ya kilevi huwa mzito mdomoni na huacha joto kooni. Wenye asilimia 12 hupita kwa wepesi.

La nne ni utamu. Sukari yote ikishageuzwa kilevi, mvinyo huitwa mkavu. Ikibakizwa, au ikiongezwa, mvinyo ni mtamu. Wageni wengi husema hawapendi mvinyo mwekundu kumbe walichokataa ni ukavu wenye ukakasi, na wengine husema wanapenda mvinyo mkavu ilhali chupa wanayoimaliza kila siku ina sukari.

Kuyapima manne hayo hakuhitaji sherehe. Mimina kidogo, isizidi theluthi ya glasi. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe utazame, lakini usihukumu. Nusa ikiwa imetulia, izungushe, nusa tena. Vuta kiasi cha kijiko kimoja, kizungushe mdomoni pande zote, kisha teme. Ndiyo, teme: mwonjaji wa kazi hutema, kwa sababu anayemeza aina kumi hana ushahidi wa kuaminika kuhusu ile ya kumi. Andika alama nne, kila moja ikiwa ndogo, ya wastani au kubwa. Basi.

Harufu zina nafasi yake, ila zina mtego. Watafiti wa Australia walitangaza mwaka 2008 kwamba harufu ya pilipili manga katika mvinyo wa zabibu ya Shiraz inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyomo katika pilipili manga yenyewe. Katika majaribio yao, karibu mtu mmoja kati ya watano hakuinusa kabisa, hata ilipokuwa nyingi. Kwa hiyo ukiwaahidi wageni watano harufu ya pilipili manga, huenda mmoja wao akakuona mwongo, na pua yake haina kosa. Ukimwahidi ukakasi mkali, ataupata.

Ramani ya nchi kwa mambo manne

Sasa tuzunguke. Sitazipanga nchi kwa umaarufu, nitazipanga kwa yale mnayoyapata mdomoni.

Penye ukakasi mwingi tunaanza na vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, nyumbani kwa zabibu ya Nebbiolo na mvinyo wa Barolo. Kanuni zake zinataka mvinyo huo utunzwe miezi 38 angalau kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mbao. Rangi yake ni hafifu, na asiyeujua hudhani ni mwepesi. Akinywa anashikwa fizi. Hakuna mfano bora wa kuonyesha kwa nini jicho halitoshi. Mgeni anayeanza usimpeleke huko. Mgeni aliyeagiza nyama nono iliyopikwa polepole, mpeleke.

Bordeaux ni mikoa miwili kwa jina moja. Upande wa kushoto wa mto Gironde, katika Médoc, ardhi ni ya changarawe na Cabernet Sauvignon ndiyo inayotawala: ukakasi mkubwa, uchachu wa kutosha, mvinyo wa kungoja miaka. Upande wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, udongo wa mfinyanzi na chokaa huifaa Merlot, yenye ukakasi laini zaidi. Mgeni anayesema tu "niletee Bordeaux" bado hajakuambia kitu. Orodha ya madaraja ya mashamba ya Médoc iliandaliwa mwaka 1855 kwa ajili ya maonyesho ya Paris, na madalali waliipanga kwa kufuata bei za wakati huo. Tangu hapo ni shamba moja tu, Mouton, lililopandishwa hadi daraja la kwanza, mwaka 1973. Orodha hiyo ni historia nzuri ya biashara. Haielezi chupa iliyo mbele yenu ina ladha gani leo.

Penye uchachu ulio mbele, twende Bourgogne kwa Pinot Noir: ukakasi mdogo, uzito wa wastani, na bei inayoweza kumtoa mtu jasho. Jirani yake upande wa kusini ni Beaujolais, penye zabibu ya Gamay. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe Jasiri, aliamuru Gamay ing'olewe katika himaya yake kwa madai kwamba ni zabibu mbaya. Ikabaki kusini, na hadi leo inatoa mvinyo mwepesi, wa kunywewa ukiwa umepoa, kwa bei ya mtu wa kawaida. Toscana, Italia, ina Sangiovese katika mvinyo wa Chianti: hapo uchachu na ukakasi huja pamoja, na chakula chenye nyanya nyingi huupokea vizuri.

Penye uzito, twende Mendoza, Argentina. Zabibu ya Malbec ilitoka kusini-magharibi mwa Ufaransa, na mwaka 1853 mtaalamu wa kilimo Mfaransa, Michel Pouget, aliajiriwa kuanzisha shule ya kilimo huko Mendoza na kuleta mizabibu ya kwao. Leo mashamba ya bonde la Uco yako kuanzia mita 900 hadi zaidi ya 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huivisha, usiku baridi hutunza asidi. Matokeo yake ni mvinyo mzito wenye ukakasi laini, na kwa mtu anayehama kutoka kwenye mvinyo mtamu kwenda mkavu, mimi humwanzishia hapo. Barossa, Australia, kwa zabibu ya Shiraz, ni nzito zaidi na kilevi chake ni kikali, inafaa kwa nyama na usiku wa baridi.

Rioja, Uhispania, ni darasa la pipa. Neno Crianza kwenye lebo linamaanisha mvinyo mwekundu umetunzwa miaka miwili angalau, mmoja wake ndani ya pipa. Reserva ni miaka mitatu, mmoja wake ndani ya pipa. Gran Reserva ni mitano, na isiyopungua miwili ni ya pipani. Mbao za mwaloni zinapochomwa ili pipa lipindike hutoa vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila, na eugenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mgeni akisema Rioja yake inanukia karafuu, hajaota.

Afrika Kusini ina zabibu yake yenyewe, Pinotage, iliyozalishwa na Abraham Perold huko Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Hupenda kutoa harufu ya moshi, na ndiyo maana haikatai nyama choma. Chile nayo ina Carmenère, zabibu iliyodhaniwa kutoweka baada ya mdudu filoksera kuiangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot aliitambua katika mashamba ya Chile, ambako kwa miaka mingi ilikuwa ikiuzwa kama Merlot. Wanywaji waliifurahia muda wote huo kwa jina la mwingine.

Dodoma

Na hapa nyumbani? Mizabibu hulimwa zaidi kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini na kusini mwa ikweta, palipo na majira ya baridi yanayoulaza mmea. Dodoma iko kwenye nyuzi 6 kusini, lakini iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ina kiangazi kirefu na hewa kavu. Wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia walipanda mizabibu huko katikati ya karne ya 20, Bihawana ikiwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Zabibu nyekundu iliyoenea zaidi huitwa Makutupora, jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa zabibu.

Kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima huuamsha kwa kuupogoa, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Jambo hili linabadilisha ladha, na hatulizungumzii vya kutosha. Zabibu zilizoivia kwenye mvua hubeba maji na magonjwa zaidi. Zilizoivia kiangazi hukusanya sukari vizuri zaidi. Chupa mbili za kiwanda kimoja, za mwaka mmoja, zinaweza kutofautiana, na mhudumu asiyejua hilo hawezi kumweleza mgeni kwa nini ya jana na ya leo hazifanani.

Usiuze mvinyo wa Dodoma kwa uzalendo. Mtalii aliyekuja kuona Ngorongoro hununua chupa moja kwa udadisi, lakini ya pili huinunua kwa ladha. Uonje, uupime mambo manne kama ulivyoupima wa Bordeaux, umwambie ukweli. Ukiwa mwepesi, sema ni mwepesi na umwekee kuku. Ukiwa mtamu, sema ni mtamu. Mvinyo unaosemewa ukweli haumwaibishi mtu mezani.

Joto la glasi na chakula cha meza yetu

Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani. Chumba walichokikusudia ni cha nyumba ya zamani ya mawe, nyuzi 16 hadi 18. Dar es Salaam mwezi Januari chumba kina nyuzi 30 na zaidi. Kwa joto hilo kilevi hupanda puani, matunda hupotea, na mvinyo mzuri hunuka kama dawa. Weka chupa kwenye friji nusu saa kabla ya kuimimina, na iliyo nyepesi, kama Beaujolais, izidishie muda. Naamini malalamiko mengi kuhusu mvinyo mwekundu katika hoteli za pwani yangeisha kwa hatua hii moja isiyogharimu kitu.

Kuhusu chakula, kumbukeni kazi ya tanini: hutafuta protini. Mtu akiwa na mishkaki au mbuzi choma mdomoni, ukakasi hupungua, na mvinyo mkali huonekana laini. Chumvi nayo husaidia. Pilipili hufanya kinyume. Huuchochea ukali wa kilevi na wa tanini, kwa hiyo Barossa na mchuzi wa pilipili ni ugomvi. Chakula cha pilipili kipewe mvinyo mwepesi, wenye ukakasi mdogo, uliopoa. Mchuzi wa ukwaju unataka mvinyo wenye uchachu usiopungua wake, la sivyo mvinyo utaonekana mfu. Pilau ya nyama, yenye bizari, mdalasini na karafuu, hukaa vizuri na Crianza ya Rioja.

Samaki ndiye mtihani. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2009 kwamba madini ya chuma yaliyomo katika baadhi ya mvinyo mwekundu ndiyo huleta shombo mdomoni unapokutana na vyakula vya baharini. Chuma kikiwa kidogo, shombo haliji. Basi usimkataze mgeni mvinyo mwekundu kwa samaki wa nazi, ila mpe kwanza tone aonje pamoja na kipande cha samaki. Jibu lipo mdomoni mwake.

Namna ya kupendekeza

Maswali matatu yanatosha. Unakula nini? Ni kinywaji gani ulichokifurahia siku za karibuni, hata kama si mvinyo? Ungependa tukae kwenye bei gani? La tatu liulize kwa heshima, kwa kuonyesha mistari miwili ya orodha kwa kidole, ili mwenyeji asiaibike mbele ya wageni wake. Kisha taja chupa mbili, si tano, na uzitofautishe kwa jambo moja tu: "Hii ina ukakasi mkali, hii ni laini." Moja iwe chini ya bei aliyoitaja. Mgeni aliyeokolewa fedha hurudi.

Unapommiminia tone la kwanza, humuulizi kama ameupenda. Unampa nafasi ya kugundua kama mvinyo umeharibika. Ukinuka boksi lililolowa maji, kizibo kimeuharibu. Ukinuka siki, hewa imeingia. Badilisha chupa bila ubishi.

Wale msiokunywa, na mtafanya kazi Zanzibar, Lamu au Muscat, kazi hii mnaiweza kwa uaminifu kamili. Mwonjaji wa hoteli apime kila chupa na aandike alama nne kwenye kadi. Ninyi mzisome, mkisikilize chakula cha mgeni, na mseme wazi: "Mimi situmii, lakini wenzangu wameupima hivi." Maelezo hayo ni safi kuliko ya anayekunywa na kusifia kila kitu. Kinyume chake, anayekunywa asimshawishi asiyekunywa, asimwongezee aliyekwisha kulewa, na amkumbushe dereva kwamba glasi nzuri leo inaweza kuwa ya maji.

Ninamalizia kwa maombi mawili. Wenye viwanda vya Dodoma, andikeni kwenye lebo si mwaka tu bali na msimu wa mavuno, ili tujue tunachokiuza. Wenye hoteli, wekeni mbele ya kila jina katika orodha yenu ya mvinyo alama za ukakasi, uchachu, uzito na utamu, muweke chupa mahali pa baridi, na muuze aina tatu au nne kwa glasi, ili mgeni ajaribu kabla ya kulipia chupa nzima. Mkifanya hayo, mgeni ataacha kununua lebo, ataanza kununua ladha yake, nasi tutakuwa tumeifanya kazi tuliyolipwa kuifanya.